Mkojo Ule Ulikuwa Wangu

Jina langu sitalitaja. Ila wenzangu wa Chemchem, hapa Tabora, mkisoma mtanijua tu, maana mtaa wetu ni mdogo na midomo yake mikubwa. Mkinijua, semeni. Nimechoka kupewa pole nisizostahili!

Nimekosa. Wala sisemi shetani alinipitia, maana siku hizi kila anayeharibu anamtupia shetani mzigo wake. Nilikosa nikiwa na akili zangu timamu, asubuhi kweupe, nimesimama ndani ya choo cha zahanati na kikombe cha plastiki mkononi. Mtoto wa kaka yangu yuko kaburini kwa sababu ya kikombe kile.

Nisikilize mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Mimi ni mjane, na umri umeshanitupa mkono. Nje ya nyumba yangu nauza hina, udi, liwa na mafuta ya nywele, lakini kilichonipa jina ni ukungwi. Wasichana wa mtaani wakishaposwa wanaletwa kwangu wawekwe ndani mpaka siku ya harusi. Nawasinga mwili kwa liwa, nawafunda. Nawafundisha kukaa na mume, kukaa na mawifi, na kukaa na maumivu. Ndiyo, maumivu! Mwali wangu halii ovyo, na siri ya ndani haitoki nje.

Asubuhi ya baada ya harusi mimi ndiye ninayetoka chumbani na kupiga kigelegele cha kwanza, watu wajue bibi harusi amekutwa salama. Hakuna mwali wangu aliyewahi kunitia aibu. Nilikuwa nikijisifia hilo kila penye wanawake, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Wapo walionichoka kwa hilo, najua.

Basi nikaletewa Zuhura. Si jina lake, nimempa tu. Huyu alikuwa binti wa kaka yangu, kaka yangu wa tumbo moja, fundi seremala. Alikuwa amemaliza mafunzo ya ushonaji, hajatimiza hata miaka ishirini na miwili. Akitaka kitu alikuwa analivuta lile neno, "Shangaaazi," nami moyo unayeyuka kabla hajasema anataka nini. Alikuwa ameposwa na fundi pikipiki mmoja, kijana mtulivu, na harusi ilikuwa imekaribia.

Mama yake alikuwa na karanga zake shambani Itetemia, ndio kwanza zinavunwa. Akaja kuniaga. "Wifi, nakuachia mwanangu."

"Nenda kavune," nikamjibu. "Mwali yuko mikononi mwangu."

Mikononi mwangu! Nikilikumbuka neno hilo natamani kujipiga makofi.

Ilikuwa asubuhi, nimeshamsinga mgongo, namgeuza nimsinge miguu. Ghafla akajikunja. Hakuanza kidogo kidogo. Dakika moja alikuwa anacheka habari za mawifi zake, dakika ya pili ameshika tumbo, chini kabisa, upande wa kushoto, jasho linamtoka puani.

"Shangazi, tumbo!"

"Chango hilo," nikasema. Sikufikiri hata kidogo. Kwetu sisi mwanamke akiumwa tumbo la chini ni chango, awe mtoto awe bibi, tunachemsha mizizi na maisha yanaendelea. Nikachukua mafuta nikaanza kumkanda. Ewe msomaji, nililikanda tumbo lile kwa nguvu zangu zote! Yeye ameuma upande wa khanga, hatoi sauti, nami namsifu, "Hivyo hivyo, mwanangu, huyo ndiye mwali wangu."

Nilipomaliza akanishika mkono.

"Shangazi, nikikwambia kitu hutanipiga?"

"Sema."

"Mwezi uliopita sikuona siku zangu. Na tangu juzi naona matone tu."

Nikauvuta mkono wangu. "Umekutana na nani?"

"Ni yeye tu, shangazi. Mchumba wangu. Mara moja tu, wallahi."

Sikumpiga. Afadhali ningempiga, pengine angelia kwa sauti na majirani wangeingia. Nilikaa kwenye kigoda nikaanza kuiwaza asubuhi ya harusi, wanawake wamejaa barazani, masikio yameelekezwa chumbani, na mimi natoka na nini? Mtoto anajikunja mkekani mbele yangu, mimi nawaza kigelegele!

Kisha nikajitengenezea uongo mtamu. Nikajiambia, kama ni mimba basi inatoka yenyewe. Matone ndiyo hayo, maumivu ndiyo hayo. Ikishatoka nitampikia uji wa pilipili manga, atapumzika, na hakuna atakayejua chochote. Nimezaa, nimesaidia wengine kuzaa, nikajiona ninajua yote. Sikuwahi kusikia maishani mwangu kwamba mimba inaweza kutunga nje ya mji wa mimba, kwenye mrija, ikakua humo mpaka mrija upasuke na damu imwagikie tumboni. Sikujua! Lakini kutojua si kosa langu ninaloungama hapa. Kosa langu linakuja.

Alipojaribu kusimama aende chooni, akayumba, akaanguka kwa magoti. Macho yalimgeuka kidogo kisha yakarudi. Hapo niliogopa. Nikamvalisha baibui, nikamfunika ushungi hadi puani, maana mwali hatakiwi kuonekana, nikaita bajaji. Dereva akauliza, hospitali ya mkoa? Nikamwambia hapana. Nikamtajia zahanati moja binafsi upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayetujua.

Ndani ya bajaji nikamnong'oneza, "Huko sitaki kusikia neno mimba. Nitasema mimi."

Akaitikia kwa kichwa. Nilimfunda vizuri sana.

Tabibu tuliyemkuta alikuwa kijana mdogo, mwembamba, ametoka kwao Puge, Nzega huko. Nilijua kwa sababu mzee mmoja kwenye benchi alimwamkia "Mwangaluka!" naye akamjibu kwa Kisukuma chao huku anacheka. Mimi akanipa shikamoo kwa adabu zote. Akamlaza Zuhura kitandani, akavuta kiti.

"Dada, tumbo lilianza taratibu au ghafla?"

"Ghafla," akasema Zuhura.

"Nionyeshe kwa kidole."

Akaonyesha. Kijana akamtazama ndani ya kope, akamshika mapigo ya mkono, uso ukabadilika kidogo. Akanigeukia.

"Mama, naomba utupishe hapo nje mara moja. Nizungumze naye peke yake."

"Nikupishe?" nikasema. "Mwanangu, huyu ni mwali, yuko ndani. Mimi nimwache chumbani na mwanamume?"

"Nitamwita nesi akae naye."

"Wala nesi. Maswali yako niulize mimi, mimi ndiye ninayemlea."

Laiti angenifukuza! Laiti angenishika bega akanitoa nje, nikapiga kelele zangu zote barabarani. Lakini nilikuwa mtu mzima, nimemkazia macho, naye alikuwa mtoto aliyefundwa kwao kuheshimu mama za watu. Akarudi kwenye kiti.

"Haya. Mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa lini?"

"Juzi juzi hapa."

"Anatokwa na damu?"

"Amemaliza, nimekwambia."

"Ana mwenza? Namaanisha, amewahi..."

"Astaghfirullah! Unamuuliza nini mwali wa watu?"

"Amezimia, ameanguka, kizunguzungu?"

"Hajawahi."

Zuhura alikuwa amegeuzia uso ukutani. Kijana akambonyeza tumbo, taratibu, akauliza inauma? Yeye akauma tena upande wa khanga akasema, "Kidogo." Niliona kidole cha mguu wake kimejikunja, kimekakamaa. Tabibu hakukiona, alikuwa anatazama uso. Na uso ule niliufundisha mimi.

Akaandika, akafikiri, akaweka kalamu chini. "Mama, usinielewe vibaya. Msichana akiumwa tumbo la chini ghafla, sisi tunaanza kwa kupima mimba. Awe mke wa mtu, awe mwanafunzi, awe mwali. Simtuhumu. Ni kwamba ipo mimba inayoua, na haijali mtu ni nani."

Nikasikia "mimba," sikusikia "inayoua." Wallahi, neno la pili halikuingia!

"Mpime," nikamwambia. Nikamtolea na tabasamu.

Nikampeleka Zuhura chooni nimemshika kiunoni. Akachuchumaa kwa shida, akajaza kikombe nusu, akanikabidhi. Nikakimwaga. Nikamwambia ageuke. Kisha nikachuchumaa mimi, mwanamke ambaye siku zake zilikatika zamani, nikakijaza kikombe kile kwa mkojo wangu.

Alipogeuka akakiona kikombe kimejaa, akaniona navuta gauni. Alielewa. Alinitazama, midomo imekauka, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, lakini naumwa kweli."

"Utapona," nikamwambia. "Tutapata dawa, tutapona."

Nikakipeleka kikombe mwenyewe, nimekibeba kwa mikono miwili.

Kipimo kikatoka mstari mmoja. Kijana akakigeuza kwenye mwanga, akakitazama tena. Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti kubwa wasikie hadi walio nje. Yeye hakufurahi kama mimi. Akasema basi huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo au ya kizazi, akamchoma sindano ya maumivu, akatupa vidonge. Tukiwa mlangoni akatufuata. "Mama, rangi yake siipendi. Akizidiwa hata kidogo msirudi kwangu. Nendeni moja kwa moja hospitali ya mkoa."

Nikamshukuru. Njiani nilijisikia mwepesi, nimeshinda. Nilikuwa na karatasi ya zahanati kwenye mkoba inayosema mwali wangu hana mimba, kwa muhuri kabisa!

Sindano ilimtuliza. Akalala. Wanawake wawili wakaja kuangalia michoro ya hina, nikakaa nao barazani, nikawapa kahawa na kashata, nikawasimulia habari za waali niliowafunda. Nikasikia Zuhura ananiita. Nikaingia.

"Shangazi, bega linaniuma."

"Bega?"

"Hapa juu. Nikivuta pumzi."

"Umelilalia vibaya," nikasema. Nikamwekea mto chini ya bega. Nikarudi barazani kwa wageni wangu.

Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba damu ikijaa tumboni, bega huuma. Mwili wake ulikuwa unapiga kelele kwa njia pekee iliyobaki, maana mdomo nilishaufunga. Na mimi nikauwekea mto!

Wageni walipoondoka nilimkuta chini, kati ya kitanda na mlango. Alikuwa anatoka kunifuata. Ngozi yake ilikuwa ya baridi na yenye majimaji, midomo imepauka kabisa. Sijui nilipiga kelele gani, majirani walijaa. Hakuna aliyekumbuka tena mambo ya mwali kutoonekana. Walimbeba kichwa wazi hadi barabarani.

Hospitalini alitupokea daktari wa kike, mama wa makamo, mwenye maneno machache. Wakamtundikia maji mikono yote miwili. Tumbo la Zuhura lilikuwa limevimba na kukaza. Daktari akaniuliza ilianzaje, nikatoa karatasi yangu. Nilimpa karatasi ile! Akasoma.

"Hapa wanasema hana mimba. Mkojo alitoa mwenyewe?"

Nilikuwa na nafasi hiyo. Mungu hakuninyima nafasi, jamani, alinipa asubuhi, akanipa mchana, akanipa na hapo. Neno moja tu, ningesema hapana. Kaka yangu alikuwa ameshafika, amesimama pembeni yangu na vumbi la mbao kwenye nyusi, anasema ya Rabi, ya Rabi.

"Ndiyo," nikasema. "Alitoa mwenyewe."

Wakaanza kuzungumza habari za kidole tumbo kupasuka. Wengine wakasema vidonda vya tumbo. Wakabishana, ni dakika hizo, na kila dakika ilikuwa inatoka kwenye mishipa ya yule mtoto. Mwishowe yule daktari akasema, "Karatasi za watu mimi siziamini. Mwekeni mpira wa mkojo, tupime wenyewe."

Mistari ikatoka miwili. Ilitoka upesi, nesi hakusubiri hata kidogo.

Daktari alinitazama. Wakamsukuma kitanda wakikimbia, na mtu mmoja anaita kwa sauti damu, damu, nani ana damu ya kundi lake. Kaka yangu akavua shati akiwafuata, anadhani wanataka mkono mzima.

Zuhura alipopita mbele yangu macho yalikuwa wazi. Sijui kama aliniona.

Walitoka wakasema mrija ulipasuka, na tumbo lilijaa damu kabla hata hajafika pale. Yule mama daktari akavua kofia yake, akamwambia kaka, "Kama asubuhi wangejua ana mimba, angeingia hapa akitembea kwa miguu yake." Kaka akaanguka chini. Mimi nikabaki nimesimama, mkoba begani.

Tulimzika na hina ya majaribio kwenye kiganja cha kushoto. Niliipaka mimi.

Wifi yangu alifika kutoka Itetemia na udongo wa karanga kwenye kucha. Unajua alinifanya nini? Alinikumbatia. Akaniambia, "Wifi, ulimhangaikia mwanangu peke yako, Mungu akulipe." Akanilalia begani akalia. Nilimpigapiga mgongo. Nilimpigapiga mgongo kwa mkono ule ule!

Na kaka yangu, siku ya tatu ya msiba, aliniita uani. Nilidhani anaona aibu kwa habari ya ile mimba. Akasema, "Dada, mtoto alikuwa ameposwa. Mimba ya mchumba wake, mimi ningemfanya nini? Ningeita shekhe jioni ile ile, wakaoana, yakaisha." Akafuta pua kwa kanzu. "Alimwogopa nani huyu mtoto?"

Heshima niliyokuwa nailinda haikuwa yake, wala ya kaka, wala ya wifi. Ilikuwa ya mimi na kigelegele changu.

Ungedhani yameishia hapo. Hayakuishia. Hasira ya msiba lazima itafute pa kutua, na ikatua kwa yule kijana wa Puge. Kaka na wanaume wa mtaa walikwenda zahanati. Mtoto wetu ulimpima vipi? Kipimo chako feki? Ulikuwa unachezea simu? Nilikuwepo, nimesimama nyuma yao nimejifunika mtandio, nikamsikia anajitetea, "Nilipima mwenyewe. Kipimo kilisoma mstari mmoja." Mtu akamzaba kofi. Mwenye zahanati, kuokoa biashara yake, akamfukuza kazi hapo hapo mbele yetu.

Kabla hajaondoka mjini alikuja kwangu. Peke yake. Nilimwona anapiga hodi nikajua leo ni leo. Akaketi kwenye kile kigoda changu, akakataa hata maji.

"Mama, sikuja kugombana," akasema. "Nimefikiri siku zote hizi, sijui nilikosea wapi. Wewe ulikuwepo. Niambie kama nilifanya jambo vibaya, nisije nikamkosea na mwingine."

Mbele yangu! Kijana wa watu anaomba nimwambie kosa lake!

Nikamwambia, "Ni kazi ya Mungu, mwanangu."

Akaitikia amina, akanipa shikamoo ya kuaga, akaenda zake.

Hilo ndilo lililonimaliza. Tangu siku hiyo ukungwi nimeacha. Wameletwa waali, nimekataa, watu wakasema maskini, bado ana majonzi, na sifa zikazidi. Usingizi siujui. Kila mwezi wifi ananiletea karanga za kukaanga kwa sababu eti nilimpenda mwanawe. Nazitupa? Sizitupi. Nazila huku nalia.

Wiki hii nilipanda basi la Nzega, nikashuka Puge. Niliuliza, nikaonyeshwa. Nilimkuta uani kwao anafunga kamba za jembe la ng'ombe, amekonda zaidi. Mama yake akanikaribisha kwa furaha ya mtu asiyejua amemkaribisha nani. Akanisimulia kwamba mwanawe kazi ya utabibu amekataa kabisa, hata majirani wakimletea mgonjwa anawaambia wampeleke mbele, mikono yake mibaya.

Mama yake alipoingia jikoni nikamwambia kijana. Sikuzunguka. Nilisema, "Mkojo ule ulikuwa wangu."

Aliacha kamba. Nikasikia kuku wanaparura majani. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

"Sasa nikuulize upya," akasema. Sauti yake ilikuwa ya siku ile ile, ya kwenye kiti. "Mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa lini?"

"Alikuwa amepitisha mwezi na kitu."

"Alikuwa anatokwa na damu?"

"Matone. Tangu juzi yake."

"Ana mwenza?"

"Mchumba wake."

"Alizimia?"

"Alianguka kwa magoti chumbani kwangu, macho yakamgeuka. Ndiyo maana tulikuja."

"Nilipombonyeza, aliumia?"

"Aliumia sana. Niliona kidole cha mguu kimekakamaa."

Akafumba macho. "Majibu hayo," akasema, "nisingehitaji hata kikombe."

Kisha akalia. Alilia akiwa ameitazama mikono yake, anaigeuza juu na chini, mpaka mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Hakunitukana. Aliniambia neno moja tu wakati naondoka. "Kamwambie baba yake yule dada. Wamwambie na mwenye zahanati."

Nitamwambia. Ijumaa, akitoka msikitini, nitakaa mbele ya kaka yangu na wifi yangu. Haya maandishi yakikufikia wewe, wao watakuwa wameshajua, na mimi sijui nitakuwa wapi, wala kama kuna atakayenipikia nikiugua. Ndiyo stahili yangu.

Lakini nyinyi mama, nyinyi shangazi, nyinyi makungwi wenzangu mnaojua kila kitu, nawaomba! Binti akishikwa na tumbo la chini ghafla, achaneni na chango. Msimkande. Mkimbizeni hospitali, na daktari akikwambia umpishe, mpishe. Toka nje, kaa kwenye benchi na aibu yako. Umwache mtoto aseme kwa mdomo wake, akojoe mkojo wake, na jibu litakalotoka ulipokee, hata kama ni la kukuvunjia jina mtaa mzima.

Na wewe binti unayesoma hii kwa kujificha, kama shangazi yako ameng'ang'ania kiti humo ndani, mwambie daktari mbele yake. Sema, "Nimepitisha siku zangu." Akikupiga, utapigwa ukiwa hai.

Na wewe shangazi, binti akikwambia bega linamuuma, usimtafutie mto. Mimi nilimtafutia mto, nikaulainisha kwa mikono yangu, nikamwambia lala.